Bahari Niliyoiweka Ndani

Mwaka ule tulikula ming'oko. Waliokuwapo hawahitaji tarehe. Mahindi yaligoma shambani, mtama ukaliwa na ndege kabla yetu, na watu wazima wenye heshima zao wakaonekana porini na majembe wakifukua mizizi. Tuliichemsha asubuhi, tukaichemsha jioni, tukaila kwa chumvi na pilipili. Mtoto akiuliza mboga ni nini, aliambiwa chumvi ndiyo mboga na pilipili ndiyo nyama. Huo ndio mwaka ambao Bosi Selemani, mnunuzi wa korosho na ufuta hapa Nachingwea, aliamua kuleta bahari sebuleni kwake.

Mimi nilikuwa mpishi wake. Nawaandikia ninyi wawili, Zuhura na Jabiri, mliobaki na matenki yangu, la Nachingwea na la Ruangwa. Miguu yangu imesema basi, nami nimeitii. Habari za cheo hamtazikuta humu. Cheo changu kilikuwa "Bi Somoe, njoo", na mshahara ni siri yangu na pindo la khanga. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iacheni ipumzike. Nataka mjue kazi hii ilianzaje na kwa nini wanawake wa Ruangwa hunicheka wakiniona sokoni.

Bosi alikuwa amekwenda Dar kwa mambo yake ya korosho. Hoteli aliyofikia ilikuwa na tenki kubwa la kioo, ndani yake samaki wa rangi na matumbawe yanayopumua kama maua. Akarudi hali wala halali. Mkewe, Mama Rukia, akadhani ameoa huko.

"Niambie tu jina lake," alisema Mama Rukia, mezani, mimi nikiwa nimeshika sahani.

"Nani?"

"Huyo anayekunyima usingizi."

"Ni samaki," alisema Bosi.

Mama Rukia aliniangalia. Mimi nikaangalia ming'oko. Mwaka kama ule, mtu kuota samaki halikuwa jambo la kushangaza.

Tenki lilikuja juu ya gari la mizigo, limevikwa magodoro kama mgonjwa. Lililetwa na Fundi Kasimu, mtu mfupi, kichwa kimeanza upara, vidole vimekauka kwa chumvi. Kazi yake ilikuwa kujenga matenki ya bahari kwenye nyumba za watu wenye uwezo. Yeye ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua, na hakuwahi kunifundisha kwa upole.

Siku ya kwanza hakugusa kioo. Alilala sakafuni, shavu chini, akaiangalia sakafu kwa jicho moja. Nyumba ya Bosi ni ya zamani, ya enzi za ule mradi wa karanga wa wazungu. Fundi akaweka pimamaji huku na huku, akainuka akijifuta vumbi. "Hii sakafu imara," alisema. Ilikuwa imara kweli, kuliko hata karanga zao. Kisha akanieleza kwamba tenki likiinama upande mmoja, hata unene wa khanga, maji hulemea kioo hicho mpaka siku moja kinaachia, na bahari inahamia chumbani. Kwa hiyo jambo la kwanza ni sakafu, la pili ni meza ya kubebea tenki, na la tatu ni kukaa mbali na dirisha la jua. Bosi alitaka tenki liwe dirishani ili wapita njia walione.

"Ukiliweka dirishani utafuga ukoka, si samaki," alisema Fundi.

Bosi akakubali, lakini alinuna mpaka jioni.

Ikaja habari ya chumvi. Chumvi ya tenki huja kwenye ndoo, nyeupe kama unga wa muhogo, na Bosi aliitazama kwa dharau. "Chumvi si chumvi? Si tungenunua ya dukani?"

"Ya dukani ni ya mboga," alisema Fundi. "Hii ni bahari iliyokaushwa. Kila kilichomo baharini kimo humu, isipokuwa wavuvi."

Tuliikoroga kwenye pipa, na maji yaliyochujwa, si ya bomba wala ya kisima. Kisima chetu kina mambo yake. Tulikoroga kwa pampu mpaka maji yakawa maangavu, ndipo Fundi akanipa kipima chumvi, kidude cha kioo cha kuchungulia kama darubini. Unadondosha tone, unachungulia, unaona mstari. Mstari ukikaa pale alipotia alama ya rangi ya kucha, sawa. Siku nyingi baadaye niliona watu wakiweka maji ya chumvi kila tenki linapopungua. Msifanye hivyo, wanangu. Jua hunywa maji, haliondoki na chumvi. Yakipungua ongezeni maji matupu. Ukiongeza ya chumvi, unapata mchuzi uliopikwa na wake wenza wawili, kila mmoja kaweka chumvi akidhani mwenzake hajaweka.

Tukaweka mchanga, tukapanga mawe ya bahari kama jiko la mafiga, yenye mapango ya samaki kujificha. Tukawasha taa. Taa ile ni ya bluu, na mtaani ikavuma kwamba Bosi Selemani amefungua baa. Walikuja wanaume wawili wakauliza kama kuna bia ya baridi. Mama Rukia aliwapa maji ya kunywa na nasaha.

Basi watu wakaanza kumiminika kuitazama bahari. Wakakuta mawe.

"Bi Somoe, siku hizi unafuga mawe?" aliniuliza jirani.

"Mawe hayaumwi wala hayadai chakula," nilimwambia. "Na wewe ungejaribu."

Kumbe mawe yanadai chakula. Fundi Kasimu alitoa kwenye boksi lake la barafu kamba mmoja mzuri, mnene, mbichi, akamtupa ndani ya tenki. Nikadhani anatania.

"Ataoza," nilimwambia.

"Ndiyo, aoze."

"Fundi, mwaka huu watu wanakula mizizi ya porini, wewe unaozesha kamba?"

Bosi naye alikuwa amesimama mlangoni, mate yamemjaa. "Si ungetia mdogo, huyu mnene tumle?"

Ndipo Fundi aliponikalisha chini akanieleza, nami nataka mlisikie kama nilivyolisikia. Samaki akiishi ndani ya maji hutoa uchafu, na uchafu ule ni sumu. Baharini kuna vijidudu vidogo mno vinavyoila sumu hiyo. Tenki jipya halina vijidudu. Kwa hiyo unaanza na kitu kinachooza, sumu inapanda, vijidudu vya kwanza vinazaliwa, vinaila, vinatoa sumu ya pili. Vinazaliwa vijidudu vya pili, navyo vinaila hiyo. Sumu zote mbili zikishuka kabisa, hapo maji yanaweza kubeba roho. Kabla ya hapo ni maji ya kuulia tu.

"Inachukua muda gani?" aliuliza Bosi.

"Yakiiva yameiva."

Bosi hakuelewa. Mimi nilielewa palepale, kwa sababu mimi ni kungwi. Kwetu Marambo nimewaweka ndani wali wengi wa unyago. Binti akiwekwa ndani haulizwi anatoka lini na watu wa nje. Analishwa, anafundishwa, anafunikwa, na kuna siku kungwi wake anamtazama usoni, anajua. Ukimtoa kabla, umemtoa mtoto uliyempamba. Nikamwambia Fundi, "Kumbe tumemweka bahari ndani."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Bi Somoe, nimefanya kazi hii miaka, hakuna aliyewahi kuisema hivyo." Tangu hapo kila akipiga simu kutoka Dar haulizi habari za tenki. Anauliza, "Mwali hajambo?"

Aliniachia vichupa vya kupimia. Unachota maji ya tenki kwenye kichupa, unadondosha dawa, unatikisa, unalinganisha rangi na kadi. Maandishi ya kadi ile ni Kiingereza na siyajui mpaka leo. Rangi nazijua. Ile sumu ya kwanza ikiwa nyingi, maji hugeuka kijani cha kisamvu. Ikiisha, yanabaki njano kama mkojo wa mtu mwenye afya. Samahanini, lakini ndivyo yalivyo. Ya pili ikiwa nyingi huwa zambarau kama ulimi wa mtoto aliyekula zambarau, na ikiisha ni bluu ya angani. Nilipima kila asubuhi baada ya kuchemsha chai. Kijani, kijani, kijani. Halafu ukungu wa kahawia ukafunika mchanga wote, tenki likafanana na dimbwi la bata, na Bosi akaanza kumsema Fundi Kasimu kwa maneno yasiyoandikika.

Nikapata msiba Marambo, nikaenda kuzika. Niliporudi nilikuta Bosi ameketi mbele ya tenki, mikono kichwani. Alikuwa ameagiza samaki kutoka Dar kwa basi, wamefungwa kwenye mifuko yenye hewa, rangi ya chungwa, mikanda myeupe, wazuri kama wamechorwa. Akawatia. Walihema juu juu ya maji, midomo wazi, kisha wakalala ubavu. Mtu mzito yule, anayebishana na mizani ya korosho siku nzima bila kuchoka, alikuwa analia kwa ajili ya samaki wa ukubwa wa kidole gumba.

"Labda walikuwa wagonjwa," alisema.

"Labda," nilisema. Kichupa nilikuwa nimeshakitikisa. Kilikuwa zambarau.

Aliwazika chini ya mpapai. Mama Rukia akiwa jikoni alisema kwa sauti ya kusikika, "Kama kutakuwa na hitma, mniambie mapema niloweke mchele."

Kuanzia siku ile Bosi aliniachia tenki. Sikuwa mpishi tena ila jina. Maji yakaiva kwa wakati wake, nikaingiza kwanza konokono na kaa wadogo wa kufagia, halafu kamba hai wa kuparua uchafu wa mawe, halafu samaki mmoja, nikasubiri, halafu wa pili. Vipande vya matumbawe vilikuja mwisho kabisa, vidogo kama kifungo cha shati, Fundi akanionyesha jinsi ya kuvigandisha juu ya jiwe kwa gundi. Umeme ukikatika tulikuwa na kipampu cha betri. Joto likizidi tuliliwekea tenki feni, na Mama Rukia akalalamika kwamba samaki wana feni na yeye ana kipepeo cha ukili. Kweli lilikuwa na haki ya kupendwa. Asubuhi taa ikiwaka, matumbawe yalifunguka taratibu kama mtu anayekunjua mkeka.

Kesi ngumu kuliko zote niliyoipata Nachingwea ililetwa na mkono. Ilikuwa msimu wa kupulizia mikorosho. Shemeji Issa, kaka yake Mama Rukia, alikuja kutoka shambani kwake Chiola, moja kwa moja, bomba la kupulizia bado liko kwenye pikipiki. Mtu mchangamfu, hana baya. Akaona matumbawe yanatikisika, akasema, "Haya ni maua au ni nguo?" Kabla sijameza mate, mkono ulikuwa ndani mpaka kwenye kiwiko.

Dawa inayoua mbu wa mikorosho haiulizi huyu ni mbu au ni kamba. Wale kamba wangu walianza kurukaruka kama bisi, wakaanguka. Kaa wakaachia mawe. Matumbawe yakajifunga ngumi.

"Nimefanya nini?" aliuliza Shemeji, maji yanamchuruzika.

"Umepulizia bahari," nilimwambia.

Hatukupoteza muda kugombana. Nilimshikisha ndoo yeye mwenyewe, tukawa tunatoa maji ya zamani na kuingiza mapya yaliyokorogwa pipani, nikatia mkaa maalumu kwenye chujio, ule unaonyonya sumu. Shemeji alibeba ndoo mpaka shati likaganda mgongoni, na kila ndoo alisema "nisamehe dada" bila kusema ni mimi anayeniomba au ni kamba. Samaki walipona, matumbawe karibu yote yakapona. Kamba hakupona hata mmoja. Ndiyo maana penye mlango wa sebule kuna beseni na sabuni, na ndiyo maana hata ukiwa umeoga, mkono wako hauingii humo bila kuniuliza. Sasa muulizwe ninyi. Kwenye nchi ya korosho, kila mkono ni mtuhumiwa.

Nije Ruangwa, maana ndiko nilikomalizia kazi.

Bosi alijenga nyumba ya wageni kule, kwa sababu ya watu wa machimbo wanaokuja na kuondoka. Akataka tenki mapokezi, kubwa kuliko la nyumbani. Fundi Kasimu mgongo ulikuwa umemwangusha, hakuweza kusafiri, kwa hiyo nililisimamisha mimi, yeye akiwa kwenye simu. Nililala sakafuni shavu chini mbele ya mafundi wa rangi. Wakadhani nimezimia. Nilipanga mawe, nikakoroga bahari, na kutoka Nachingwea nilikuja na ndoo ya mawe ya tenki la zamani, yamefunikwa kwa maji yake, nimeipakata kwenye gari njia nzima. Mawe yale yana vijidudu tayari, ni kama chachu unayoihifadhi kwa unga wa kesho. Huharakisha. Lakini chachu nayo ina saa zake, haipandishi unga kwa kutishwa.

Nilikuwa nimemwambia Bosi tarehe, na tarehe yangu ilikuwa nzuri. Kisha mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa serikali, akasema siku ile ana safari. Uzinduzi wa nyumba ukaletwa mapema, kabla ya tarehe yangu. Bosi hakuniambia. Nilijua nilipoona watu wanafunga vitambaa getini, na gari limesimama nje likishusha boksi la barafu. Ndani ya boksi, samaki kwenye mifuko yao.

Nilitikisa kichupa. Zambarau. Hafifu, kama shuka iliyofuliwa mara nyingi, lakini zambarau.

Bosi alikuja amevaa suti, jasho linamtoka. "Bi Somoe, watie samaki, watu wanaanza kukaa."

"Maji hayajaiva. Samaki haingii, hata aje nani."

"Si uliweka mawe ya zamani?"

"Niliweka."

"Basi?"

"Basi bado."

Akashusha sauti. "Nimewaahidi watu. Kadi za mwaliko zimechorwa samaki. Bi Somoe, Ruangwa nzima iko hapo nje, na mimi nitasimama mbele yao na mawe?" Nilimwonea huruma, sidanganyi. Jina la mtu halina duka. Kisha akasema lile la hasira: "Ukikataa leo, kazi basi."

"Kazi iwe basi. Gari limewashwa? Samaki hawa wapelekwe Nachingwea sasa hivi, kule maji yameiva, wenzao watawapokea. Hewa ya mifuko haisubiri hotuba."

Alitoka. Nami nikafanya nilichokijua. Nikavua khanga yangu ya juu, mpya, nikaazima nyingine mbili kwa wapishi, nikalifunika tenki lote kutoka juu hadi chini, nikachomeka vizuri kwenye kona. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, boksi la samaki miguuni kwangu, mikono magotini. Kazi nilikuwa nimeshafukuzwa, kwa hiyo sikuwa na haraka.

Wanawake wa Ruangwa walikuwa wa kwanza kuingia. Wakasimama. Mmoja mtu mzima akanitazama mimi, akatazama khanga, akatazama nilivyokaa.

"Kuna mwali humu?" aliuliza.

"Yupo."

"Anatolewa lini?"

"Akiiva."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilifika stendi. Wakaja na wengine, wakanizunguka, wakaanza kupiga makofi ya unyagoni kwenye sakafu mpya ya Bosi. Wanaume wakabaki mlangoni, hawajui kama wanaruhusiwa. Mama Rukia alikuwa katikati, anacheza kuliko wote, na alikuwa amejua wazi kwamba mumewe amenifukuza, maana alinikonyeza.

Samaki wenyewe mnawalisha kila asubuhi kule Ruangwa, kwa hiyo mnajua hawakufa. Walilala Nachingwea siku hiyo hiyo, na siku ya mwali kutoka tulipika pilau, watu wakaja tena, wengi kuliko siku ya uzinduzi. Bosi mpaka leo husimulia kwamba zile sherehe mbili alizipanga yeye. Muacheni. Na kule kufukuzwa hakuna aliyekukumbuka Jumatatu.

Lakini siku ile, kabla ya hayo yote, hakuna aliyejua. Mshereheshaji aliingia na kipaza sauti, akatangaza kwamba sasa tunafunua bahari ya kwanza ya Ruangwa. Nyuma yake Bosi, amepauka kama makopa ya muhogo. Pembeni yake mgeni rasmi mwenyewe, mrefu, miwani, watu wake wamemzunguka na kamera. Mshereheshaji akashika pindo la khanga yangu. Nikampiga kofi mkononi. Makofi ya unyagoni yakakoma. Nilisikia pampu inahema nyuma yangu.

"Bi Somoe," alisema Bosi, akanipa kipaza sauti cha mshereheshaji, "mweleze mgeni rasmi wewe mwenyewe. Mimi nimeshindwa."

Mgeni rasmi aliinama kidogo, kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Akatazama boksi miguuni kwangu, akatazama khanga. Akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, hata mmoja tu? Tupige picha, tumtoe."

Nilikiweka kipaza sauti karibu na mdomo, kisije kikasingiziwa hakikusikika.

"Maji hayajaiva. Samaki haingii, hata aje nani."